Bei Njoo Inboksi

Kwa miaka 27 nilikula mshahara wa kuwafundisha vijana wa kidato cha tano na cha sita namna ya kuipasua kazi ya fasihi vipande viwili, fani huku na maudhui kule, kama mtu apasuavyo nazi. Dhamira, ujumbe, muundo, mtindo, wahusika, mandhari: hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kila siku, na kalamu nyekundu ndiyo iliyokuwa jembe langu. Nilipostaafu nilidhani nimekwisha kuagana na kazi hiyo. Sikujua kwamba ipo siku nitaletewa maandishi yasiyozidi herufi 150, niambiwe niyatengeneze, na kwamba yatanitoa jasho kuliko riwaya yoyote niliyopata kuifundisha.

Aliyeniletea ni binti wa dada yangu. Yeye ni fundi cherehani hapa Tanga, ana chumba kimoja cha kazi katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi na msichana mmoja anayejifunza. Alikifungua chumba hicho mwaka 2019. Mapema mwaka 2024, mwezi wa Ramadhani ukiwa unakaribia, na kila mtu wa pwani anajua kwamba fundi huvuna kabla ya Idd, alinijia jioni moja akiwa na simu mkononi na uso usio na raha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

"Mjomba, wewe ni mtu wa lugha. Nina wafuasi 6,200 huku Instagram, lakini kazi sina. Nitengenezee wasifu wangu."

Nilivaa miwani nikausoma. Nitaunakili kama ulivyokuwa, nikiacha tu zile nyota nyota za kumetameta zilizoupamba pembeni: "Ubora ndio kipaumbele chetu. Mitindo ya kisasa kwa bei nafuu. Tunajali mteja. Mikoani tunatuma. Bei njoo inboksi."

Msomaji wa kitabu hiki bila shaka amekwisha kukutana na maneno haya, kama si kwa fundi basi kwa muuza viatu, kama si kwa muuza viatu basi kwa mwoka keki. Ndiyo yaleyale. Nami kwa mazoea ya darasani nikaanza kuyapima. Sentensi ya kwanza nikaigeuza kichwa chini miguu juu: je, yupo fundi duniani atakayeandika kwamba ubora si kipaumbele chake? Hayupo. Basi sentensi ambayo kinyume chake hakuna awezaye kukisema, yenyewe nayo haijasema kitu. Ni kama kikohozi cha mtu anayetaka kuanza kuhutubia. "Tunajali mteja" nayo ni hivyo hivyo. "Bei nafuu" ina kasoro nyingine: nafuu kuliko ya nani? Na kama kweli ni nafuu, mbona sentensi ya mwisho inaificha? Sentensi ya pili na ya tano zinashikana mashati mbele ya mteja. Katika maandishi yote yale, maneno yaliyobeba mzigo ni mawili tu, "mikoani tunatuma", kwa kuwa hayo mtu anaweza kuyajaribu: atume fedha akiwa Korogwe au Dodoma aone kama kifurushi kitapanda basi.

Kisha lilikuwapo jambo la nafsi. "Chetu", "tunajali", "tunatuma". Sisi gani? Mpwa wangu yuko peke yake na yule binti mwanafunzi ambaye bado anajifunza kunyoosha pindo. Lakini nilimwelewa. Kampuni kubwa ndizo zinazosema "sisi", naye akadhani kwamba akisema "sisi" ataonekana mkubwa. Ajabu ni kwamba hata jina la kazi yake halikuwamo. Hapakuwa na neno kushona. Hapakuwa na neno Tanga. Mandhari, kama tulivyokuwa tukisema darasani, hayakuchorwa kabisa, na mteja alikuwa mhusika bapa, mtu asiye na sura wala shida, anayejaliwa tu.

Hadi hapo nilikuwa sawa. Kosa langu lilikuja baadaye, na ni lazima nilikiri, maana bila kulikiri hili uhakiki huu utakuwa wa mtu anayecheka chongo la mwenziwe. Nilikaa usiku mzima nikamtungia wasifu mpya. Wenye sikio la ushairi wataona nilivyojitahidi, mizani 8 kwa 8: "Sindano yetu ya haki, uzi wetu wa imani." Nikaongezea na maneno mengine ya aina hiyo, ya kistaarabu, hayana hata chembe ya Kiingereza. Mpwa wangu, kwa adabu yake, akauweka kama ulivyo.

Walimu wenzangu wawili walinipigia simu kunipongeza. Mtu mmoja aliuliza kama hilo ni jina la kanga mpya. Na siku ya tatu mwanamke mmoja akaandika kwa upole kabisa: "Samahani, hapa ni madrasa au mnashona?"

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimefanya lilelile alilolifanya mpwa wangu, tofauti ni kwamba mimi nilitumia Kiswahili fasaha zaidi. Wote wawili tuliandika tukiwatazama watu wa fani yetu. Yeye aliandika ili afanane na wenye kurasa wengine. Mimi niliandika ili nisifiwe na walimu. Yule mwanamke mwenye kitambaa chake ndani ya mfuko wa plastiki, anayetaka gauni la harusi ya mdogo wake, hakuna aliyekuwa akimwandikia.

Basi nikaacha kutunga. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la chumba chake cha kazi kwa siku nne, nikamwomba anisomee ujumbe wote aliopata kwa miezi sita. Huko nilikuta kile ambacho ukurasa ulikosa. Watu walikuwa wakiuliza mambo manne, kwa tahajia mia tofauti: bei gani, mko wapi, inachukua siku ngapi, na hii ni nyie mmeshona? Hilo la nne lilikuwa adimu kuliko mengine, lakini kila lilipoulizwa, mazungumzo yalikatika pale pale. Aghalabu hata hayo matatu ya kwanza yalijibiwa baada ya saa nyingi, kwa sababu fundi yuko kwenye cherehani na mikono yake haiwezi kuwa pawili. Mteja aliyeuliza bei saa nne asubuhi akajibiwa saa mbili usiku amekwisha kupata fundi mwingine, au amekwisha kutumia fedha zile kununulia unga.

Nikamwuliza kwa nini asiandike bei. Majibu yake yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Akasema, kwanza, fundi mwenzake wa barabara ya pili ataziona na kupunguza elfu mbili. Pili, mteja akiona bei kabla ya kuona kazi atakimbia. Tatu, nguo hazifanani: gauni moja ni mita mbili na zipu, jingine lina bitana, marinda na shanga za kushonea kwa mkono, sasa aandike bei ipi?

Hilo la tatu ni kweli, nami nililipokea. La kwanza halina nguvu, maana fundi wa barabara ya pili akitaka kujua bei atamtuma mtoto aulize. Ila la pili ndilo lililonirudisha nyuma miaka arobaini.

Wale wa rika langu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Sukari, sabuni, kanga, hata viberiti vilikuwa vikitafutwa kama dawa. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi, na mwaka 1984 ndipo ilipoanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena. Kabla ya hapo, muuzaji hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Mnunuzi ndiye aliyebembeleza. Ulikwenda kwa mlango wa nyuma, ukasalimia, ukauliza hali ya watoto, na mwisho kwa sauti ya chini ukauliza kama "ile kitu" ipo. Mlanguzi alikuangalia viatu kwanza, kisha uso, kisha akataja bei. Bei haikuwa ya kanga. Bei ilikuwa yako wewe. Mimi mwalimu nilitajiwa moja, na karani wa bandari aliyekuja nyuma yangu akatajiwa nyingine.

Ninaposoma "bei njoo inboksi" nasikia ule mlango wa nyuma ukifunguliwa. Sisemi mpwa wangu ni mlanguzi, la hasha. Namjua, huwa anasahau hata kudai. Lakini mteja hamjui. Mteja anachokiona ni kwamba ameambiwa asogee pembeni ili atajiwe bei yake yeye. Nitakumbukwa hapa kwamba Waswahili tumekuwa tukipatana bei tangu enzi, na ni kweli. Walakini kupatana kwa sokoni kuna mwili. Unakishika kitambaa, unakikunja, unasema mbona chepesi, unageuka kama unayeondoka, na muuzaji anakuita: "Njoo bwana, biashara haigombi." Kule kugeuka ndiko kunakompa mnyonge nguvu. Katika simu huna mgongo wa kumgeuzia mtu. Umeuliza, umetajiwa shilingi 45,000, nawe unazo 20,000. Kilichobaki ni kunyamaza kwa aibu. Na wengi, ili wasifike kwenye aibu hiyo, hawaulizi kabisa. Mwanamke mmoja anayeuza mboga soko la Mgandini alituambia pale pale kwenye benchi kwamba alikuwa akiutazama ukurasa ule tangu mwaka uliopita. "Niliogopa kuuliza halafu nishindwe," alisema. Dera alilolitaka lilikuwa la shilingi 8,000.

Nilimwona mpwa wangu akiinamisha kichwa kwenye kazi yake baada ya maneno hayo. Hakusema kitu, lakini cherehani ilinyamaza kwa muda.

Neno lililotusaidia ni dogo: "toka". Dera toka 8,000. Gauni toka 25,000. Nalo neno hili lina mtego wake, maana wapo wanaoandika "toka" kwa bei ya nguo ambayo hawaishoni kamwe, ukifika unaambiwa ile ilikuwa ya watoto. Tukakubaliana kwamba kila bei ya chini itakuwa na picha ya nguo iliyoshonwa kwa bei hiyo hasa.

Na hapo ndipo tulipoingia kwenye picha, ambako palikuwa na kidonda kibichi.

Mwezi Desemba 2023, kabla hajaja kwangu, mpwa wangu alipata kazi ya gauni la harusi. Mteja alionyesha picha kutoka ukurasa wake mwenyewe mpwa wangu: gauni la kumetameta, mkia mrefu, mikono ya wavu iliyotariziwa. Akatanguliza fedha. Picha ile haikuwa ya kazi yake. Aliikuta mtandaoni, kazi ya fundi mmoja wa Afrika Magharibi, akaiweka kama wengi wanavyoweka, kwa nia ya kusema "mtindo kama huu naweza". Alijaribu kwa uwezo wake, kwa kitambaa kilichopatikana Tanga na kwa siku kumi. Gauni lilitoka zuri, mimi nimeliona. Lakini halikuwa lile. Bibi harusi alilia. Fedha, shilingi 120,000, zikarudishwa zote ilhali kitambaa kimekwisha kukatwa. Kisha dada wa bibi harusi akaziweka picha mbili bega kwa bega, ile iliyoahidiwa na ile iliyoletwa, kwenye stetasi yake, na mji wa Tanga si mkubwa.

Hilo ndilo lililokuwa limemkosesha raha, wala si herufi 150. Alikuwa akitaka maneno mazuri yafunike jambo lile. Nami bila kujua nikampa "sindano yetu ya haki". Fikiria mwenyewe aliyerudishiwa fedha akisoma maneno hayo.

Utotoni mwetu vinyozi walikuwa na vibao vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta: vichwa vitano au sita, kila kimoja na mtindo wake na namba yake. Ukiingia unasema nataka namba tatu. Hakuna aliyewahi kutoka pale akidai kwamba hakufanana na kichwa namba tatu, kwa kuwa mchoro unajulikana kuwa ni mchoro. Kibao kilisema: tunaijua mitindo hii. Picha ya kamera husema neno jingine. Husema: hili lilitokea, mikono hii ndiyo iliyoshona. Fundi anayeazima picha hadhani anadanganya, kwa sababu moyoni mwake bado anatumia kibao cha kinyozi. Mteja naye anasoma ushahidi. Wawili wanatazama kitu kimoja na kila mmoja anasoma utanzu wake. Sheria, kwa taarifa ya msomaji, iko upande wa mteja: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya bidhaa au huduma. Lakini sikumtajia mpwa wangu sheria. Stetasi ile ilikuwa imekwisha kumhukumu.

Tulikaa usiku mmoja na chupa ya chai tukazipitia picha 214. Zilizokuwa za kazi yake zilikuwa 38. Nyingine zote tulizifuta, moja moja, naye kila alipobonyeza alikuwa kama anayeng'olewa jino. Tulipomaliza, ukurasa ulikuwa mtupu kama nyumba iliyohamwa. "Mjomba, sasa naonekana maskini," alisema. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa na neno la kumliwaza.

Asubuhi yake tukaanza upya kwa simu ileile. Tuligundua kwamba saa moja hadi saa tatu mwanga wa dirishani unatosha, na kwamba ukuta wa kijani wa jirani unafaa kuliko pazia la maua alilokuwa akilitumia. Nguo zikavaliwa na watu wenyewe waliozishonesha, wanene kwa wembamba, mmoja mwenye mimba ya miezi saba, kila mmoja akiombwa ridhaa kwanza; tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo si adabu tu. Wawili walikataa, wakaachwa. Lakini picha iliyonifurahisha mimi ni moja isiyo na mtu ndani yake. Ni gauni lililogeuzwa nje ndani. Mpwa wangu ana sifa moja ambayo hakuwahi kuisema popote: mishono yake ya ndani ni safi, imepigwa ovaloki, nyuzi hazining'inii, pindo limeachiwa nafasi ya kutosha ili mtu akinenepa nguo ifunguliwe. Fundi mwenzake akiiona picha ile anajua, na mwanamke aliyewahi kupasukiwa nguo ubavuni kwenye shughuli ya watu naye anajua. Picha ile moja ilisema habari ya ubora kuliko yale maneno ya kipaumbele.

Mambo mengine yalikuwa mepesi, nayataja kwa kupita. Lile jina linaloandikwa juu ya wasifu ndilo linalotafutwa watu wanapotafuta. Tukaongeza kwenye jina la duka maneno "fundi nguo za kike Tanga". Mtandao unaruhusu jina hilo libadilishwe mara mbili tu ndani ya siku 14, kwa hiyo mtu afikiri kabla. Kwenye WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, kuna mahali pa kuandika saa za kazi na kuweka orodha ya bidhaa na bei, na salamu inayojibu yenyewe wakati fundi yuko kwenye cherehani. Hayo yote yalikuwa wazi miaka yote, hakuna aliyeyagusa. Na katika wale wafuasi 6,200, aliniambia kwa sauti ya chini, 5,000 walinunuliwa kwa fedha. Hawajui Kiswahili, hawana miili, hawavai madera. Nilikuwa nikilishangaa neno lenyewe, wafuasi, neno la manabii na viongozi wa vyama. Fundi hahitaji kufuatwa, anahitaji kuletewa kitambaa.

Niseme kidogo juu ya wale wanaouza mafunzo ya mambo haya. Mpwa wangu alikuwa amelipia semina moja, na daftari lake nililisoma. Weka picha mara tatu kwa siku, liliagiza, tumia alama za reli nyingi, fuata wimbo unaovuma, usikae kimya. Sikatai kwamba kujibu haraka ni jambo jema, na kwamba ukurasa uliolala mwaka mzima humfanya mtu adhani duka limefungwa. Lakini fundi akicheza wimbo unaovuma mara tatu kwa siku, nani anashona? Mafunzo yale yamekadiriwa kwa mtu ambaye mali yake iko kwenye katoni dukani na haiishi. Mali ya fundi ni saa zake. Kadiri ukurasa unavyofaulu kuita watu, ndivyo unavyomwingiza kwenye deni la siku ambazo hana. Sifa mbaya ya mafundi wa nchi hii, tuseme ukweli, haijawahi kuwa ubaya wa mishono. Ni "njoo kesho". Mkesha wa Idd, mtoto amekaa kwenye ngazi ya fundi saa nne ya usiku, shati halina kola.

Kwa hiyo sentensi tuliyogombania kuliko zote haikuwa ya bei wala ya picha. Niliandika, na kuipandisha juu kabisa ya ukurasa: "Oda za Idd mwisho tarehe 15 Ramadhani." Mpwa wangu aliikataa katakata. Nusu ya pili ya Ramadhani ndiyo wakati watu wanapopata fedha, alisema, na kila fundi mjini anapokea hadi tarehe 27. Hiyo sentensi inafukuza riziki. Nikamwuliza mwaka uliopita alichelewesha nguo ngapi. Akahesabu kwa vidole, kisha akaacha kuhesabu. Akaniomba siku mbili afikiri. Siku ya pili jioni akaiweka mwenyewe, bila kuniambia.

Tarehe 17 walikuja wanawake watatu na vitambaa vya sare, kazi nzuri ya fedha nyingi. Nilikuwapo. Aliwaambia kwamba amefunga. Mmoja alisema fundi huyu ana kiburi siku hizi, wakaondoka, na mpwa wangu akaingia ndani akakaa kimya kwa muda mrefu. Sina hakika hadi leo kama nilimshauri vema kwa siku ile. Fedha zile zingelipa kodi ya chumba. Ninachojua ni kwamba mkesha wa Idd ule wa Aprili 2024 nilipita Ngamiani saa tatu ya usiku; vyumba vya mafundi vilikuwa vinawaka taa na watu wamejaa barazani wakilalamika, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Alikuwa nyumbani kwa mama yake anakuna nazi.

Wateja hawakufurika baada ya hapo, nisimdanganye mtu. Wafuasi walipungua. Waliobaki walianza kuja na vitambaa, na wachache wao walitamka bei kabla yake yeye kuitamka. Wasifu wenyewe sasa unasema hivi: "Nashona nguo za kike Ngamiani, Tanga. Dera toka 8,000, gauni toka 25,000, kitambaa chako. Siku 7. Ijumaa nimefunga. Picha zote kazi yangu." Ni herufi 138, ukihesabu nafasi na vituo. "Nashona" ilitugharimu majadiliano ya nusu saa; aliona inamfanya mdogo. Zile herufi 12 zilizosalia alizijaza mwenyewe kwa nyota za kumetameta. Nilipinga, nikashindwa.

Juzi nilikuwa kwenye benchi langu simu ikalia. Ni ujumbe chini ya picha ya lile dera la Mgandini, bei imeandikwa juu ya picha, imeandikwa chini ya picha, imeandikwa kwenye wasifu. Ujumbe wenyewe ulikuwa na neno moja: "Bei?"

Nikavua miwani. Mpwa wangu alifuta chaki vidoleni akaandika: "Karibu dada yangu. 8,000. Kitambaa unacho?"